Ndama wa Nyasi

Mama alimpasua ndama tumbo kwa mkasi wa kunyolea kondoo, na nyasi kavu zikamwagika juu ya theluji iliyokuwa ikiyeyuka. Mama wa ndama, yaki jike mweusi, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya yanayoburuza chini, alikuwa amefungwa kamba hapo kando. Alinyoosha shingo akanusa ngozi ya mwanawe, ngozi ileile aliyoilamba kila alipokamuliwa tangu baridi ilipoanza kulegea. Kisha akainama akaanza kula zile nyasi. Alikula taratibu huku akitazama milima, mpaka akamaliza kila kilichotoka tumboni mwa mtoto wake.

Katika riwaya yangu nilikuwa nimeandika kwamba yaki angelia.

Kwetu Kok-Jar, yaki akifiwa na ndama hufunga maziwa. Umpige, umbembeleze, hatoi hata tone. Basi ndama huchunwa, ngozi ikaanikwa, ikajazwa nyasi, ikashonwa na kupakwa chumvi, kisha ikasimamishwa mbele ya aliyemzaa. Naye hulamba. Akilamba, maziwa hushuka, na mkamuaji huchuchumaa upande wa pili na ndoo yake. Mama alikuwa fundi wa ndama wa nyasi kuliko mwanamke yeyote upande wetu wa seng'enge. Baba mkubwa alipenda kuwatambia wageni: "Shemeji yangu akishona ndama, mbwa humbwekea."

Seng'enge ninayoitaja ni ya mpaka. Ilipita juu ya malisho yetu, waya juu ya waya, na ng'ambo yake kulikuwa na milima kama yetu na nyasi kama zetu, ila ni nchi nyingine. Watu waliiogopa. Yaki hawakuiogopa. Siku ya dhoruba walitembea na upepo, na upepo ukivuka, nao walivuka.

Ndivyo tulivyompoteza Oroz, kaka yangu. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na sisi watatu tuliishi katika ua wa kaka yake, Turdakun, ndiye baba mkubwa. Kundi lilipotea kwenye dhoruba, baba mkubwa akamwambia Oroz, "Panda farasi, wewe ndiye kijana." Oroz akapanda. Farasi alirudi peke yake, hatamu zimeganda kama fimbo.

Majira hayo ya baridi mama hakula. Aliketi karibu na jiko, mgongo ukutani, na mikono yake iliyozoea kazi ikalala mapajani kama ya mtu mwingine. Mama mkubwa Batma alimlisha supu kwa kijiko, ikatoka pembeni mwa mdomo. Mbwa wangepata zaidi kuliko yeye.

Kisha, theluji ilipokwisha, baba mkubwa alirudi kutoka sokoni, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ibrayim mchuuzi amemwona Oroz. Yuko ng'ambo. Alivuka akifuata yaki, akakamatwa, akaachiwa. Anafuga farasi kwa tajiri mmoja huko. Kurudi ndiko hawezi."

Mama alimtazama. Halafu akaomba bakuli la tambi, akala, akaomba jingine. Kesho yake alfajiri alikuwa zizini anakamua.

Tangu siku ile kila vuli ilikuja habari. Oroz ameoa. Oroz amepata mtoto wa kiume. Oroz amepata wa kike, amefanana na bibi yake. Mama alifuma soksi za sufu, ndogo mwaka wa kwanza, kubwa kidogo mwaka uliofuata, akampa baba mkubwa azipeleke kwa Ibrayim. Na kwa kuwa alikuwa na mwana aliye hai, alibaki. Kwetu mjane asiye na mwana wa kiume huweza kurudi kwa ndugu zake bila mtu kumsema, lakini mwenye mwana hungoja kwenye jiko la mumewe. Ndugu za mama walikuwa bondeni, penye miaprikoti na jua. Aliwaota. Nilimsikia akiwaita usingizini.

Mimi nilishuka mjini Osh kusomea ualimu. Nikapata diploma yangu, na pamoja nayo kiburi fulani cha lugha ambacho sijakitubia. Wenzangu waliandika Kirusi ili wasomwe mbali. Mimi niliandika Kikirgizi, cha zizini, chenye harufu ya moshi wa samadi. Na huko Osh, penye vibanda vya matunda makavu, nikakutana na Ibrayim.

Nilimsalimu kwa furaha. Nikamuuliza kama wapwa zangu hawajambo.

"Wapwa gani, dada?"

"Watoto wa Oroz."

Aliweka chini mizani yake. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa kucheka, na uso ule haukujua la kufanya. "Dada yangu," alisema, "mimi ng'ambo nimefika kwenye kituo cha malori tu. Nanunua chupa za chai, narudi. Kaka yako sijamtia machoni tangu alipopotea. Mzee aliniomba neno moja, mwaka ule wa kwanza, eti mama yako anakufa. Nikampa. Hayo mengine anatunga mwenyewe. Ana kipaji."

Likizo ilipofika nilipanda Kok-Jar nikamwambia mama. Tulikuwa wawili tu jikoni, anakanda unga. Nilimwambia neno kwa neno, bila kupunguza. Hakuinua macho.

"Ibrayim mlevi," alisema. "Hakumbuki hata kofia yake kaiacha wapi, atamkumbuka mwanangu?"

"Mama, anasema baba mkubwa ndiye..."

"Lete chumvi."

Nikaleta chumvi. Jioni yake alikuwa anafuma tena soksi, na safari hii zilikuwa za mtoto aliyekwisha anza kukimbia.

Ndipo nikaandika riwaya. Niliandika juu ya watu wa mpakani, kujenga kwao mazizi pasipo mti hata mmoja, kuwasha moto kwa kinyesi cha mifugo, kuzika watu katika ardhi ambayo hukubali kuchimbwa miezi michache tu ya mwaka. Na katikati nikamweka yaki jike na ndama wake wa nyasi. Mhariri, mwanamume mstaarabu mwenye miwani ya kamba, aliipenda lakini alikosa kitu.

"Mbwamwitu yuko wapi?"

"Hayumo."

"Riwaya ya milimani bila mbwamwitu? Binti, msomaji wa mjini anangoja mbwamwitu. Mbwamwitu ni uhuru. Mbwamwitu ni hatari. Yaki ni nini?"

"Ni yaki."

Kitabu kikatoka bila mbwamwitu. Siku ya kukizindua, mhakiki mmoja alisimama akatufafanulia kwa ufasaha mkubwa kwamba yaki jike ni taifa letu, seng'enge ni historia, na nyasi zile ni ahadi za wakubwa. Watu walipiga makofi. Nilikunywa chai yangu. Mkononi nilikuwa na nakala moja niliyokwisha ifunga kwa kitambaa, ya kupeleka nyumbani.

Kwetu mtu hawezi kuleta kitu kipya akakificha. Awe bibi harusi, mtoto au trekta, watu huja kukitazama na kila mmoja hutoa zawadi ndogo ya macho. Kitabu changu nacho kikatazamwa. Mchana, nyumbani kwa baba mkubwa, walijaa majirani wakaketi juu ya mazulia ya manyoya, chai ya maziwa na chumvi ikazunguka, kitabu kikapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Mmoja aliacha mkate juu yake, mwingine peremende.

"Kizito," alisema jirani yetu, mzee Asanaly, akikipima kiganjani. "Kinatosha kumpiga nacho fahali."

"Diploma imekufundisha kuandika tu," alisema mama mkubwa Batma, "au kukamua bado unakumbuka? Maana mikono yako imekuwa laini kama ya mkwe wa mkurugenzi."

"Akamue nini, yeye sasa anakamua wino," alisema baba mkubwa, na watu wakacheka. Alikuwa amevaa kofia yake nyeupe ya sherehe. Alinifurahia kwa moyo wote, jambo hili lazima niliseme. "Tusomee, Sayra. Pale penye sisi."

Mama alikuwa karibu na mlango, mahali pa wakamuaji na wabeba maji, anasokota sufu. Ningeweza kuchagua ukurasa wowote. Kulikuwa na arusi humo, kulikuwa na mbio za farasi. Nilifungua penye ndama wa nyasi.

Walisikiliza kama watu wanavyosikiliza habari za kazi yao wenyewe, kwa ukali. Nilipotaja kushona, wanawake waliitikia kwa kichwa. Nilipotaja chumvi, baba mkubwa alijipiga goti: "Ehee! Hata chumvi hajaisahau!" Nikaendelea kusoma. Nilisoma hivi:

"Mkamuaji hakumchukia yaki. Alimhitaji. Kila jioni alimsogezea mtoto wa uongo puani, naye yaki, kwa kuwa alikuwa mama, akakubali. Na kila vuli mkamuaji alirudi kutoka sokoni akamwambia: Mwanao yuko ng'ambo ya seng'enge. Amenenepa. Ameoa. Ana watoto wawili, na wa kike amefanana nawe."

Mzee Asanaly aliangua kicheko. "Ndama ameoa! Mmesikia? Ndama..." Akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Hakuna aliyecheka. Kicheko chake kikabaki peke yake katikati ya chumba, kisha nacho kikakaa chini.

Kijiti cha mama cha kusokotea kilikuwa kimesimama.

Kwetu mke hatamki jina la kaka wa mumewe. Humtungia jingine. Mama alimwita shemeji yake Mwenye Farasi wa Kijivu, ingawa farasi huyo alikufa kabla sijazaliwa. Jina lenyewe sikuwahi kulisikia kinywani mwake, si kwa hasira, si kwa homa. Ulimi wake ulilikwepa kama mguu unavyokwepa barafu nyembamba.

"Turdakun," alisema mama.

Mama mkubwa Batma aliziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja, kana kwamba yeye ndiye aliyetamka.

"Turdakun. Ndama wa nyasi nimeshona wengi. Ngozi haipatikani bila aliyekufa." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeuliza bei. "Ngozi nimeiona miaka yote hii. Nyama yake iko wapi?"

Baba mkubwa alivua kofia nyeupe akaiweka gotini. Nilidhani angekemea. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kemeo, hata majibu nilikuwa nayo. Lakini alimtazama mama, mama tu, kama vile sisi wengine tumekwisha toka.

"Ng'ambo ya kijito," alisema. "Chini ya jabali jeusi. Nilimkuta theluji ilipoyeyuka."

"Upande gani wa seng'enge?"

"Wetu. Hakuvuka, shemeji. Hakuwahi kuvuka. Aliketi pale kujikinga na upepo, akalala. Nilimwosha, nikamsomea, nikamzika, peke yangu."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unakufa!" Sauti ilimpasuka. "Ulikuwa mifupa. Nilikuja nikuambie, wallahi nilikuja nikuambie, nikakuona pale jikoni, mdomo ukatoa maneno mengine. Ukala. Mabakuli mawili! Nikasema, ikiwa neno linamlisha mtu, nimnyime?"

"Na nikakukamulia," alisema mama.

Baba mkubwa aliigeuza kofia gotini.

"Mikono ya Batma mibovu. Ungebaki na nani?"

"Hilo nalo," alisema baba mkubwa. "Ndiyo. Hilo nalo."

Mama alisimama, akachukua mkasi wa kunyolea kondoo uliokuwa ukining'inia mlangoni, akatoka. Yaliyotokea zizini nimekwisha yasema. Nilisimama nyuma yake na kitabu kwapani, nikimtazama yaki anavyotafuna, na nikajua kwamba ukurasa wangu mzuri kuliko zote ulikuwa wa uongo. Yaki hakuwa taifa. Hakuwa hata mama yangu. Alikuwa na njaa.

Aliporudi ndani, mama aliketi mgongo kwa mlango, uso ukutani, kama anavyoketi mwenye msiba, akaanza kumwimbia Oroz maombolezo. Alianza bila kutafuta maneno. Yalikuwepo tayari, mistari imepangwa, vina vimelingana, ubeti wa kuzaliwa kwake, ubeti wa farasi wake wa kwanza, ubeti wa theluji. Mimi mwenye diploma nilisimama pale nikisikia shairi ambalo lilichukua miaka kutungwa, nikajiuliza lilitungwa lini, na katika zizi gani, na ndoo ya nani ikiwa chini. Wanawake waliingia mmoja mmoja, wakamkumbatia, wakalia naye.

Kwetu mwanamume akisikia msiba wa jamaa huja kwa farasi, mbio, akipiga ukelele tangu mbali. Baba mkubwa hakuwa na mahali pa kutokea; alikuwa palepale. Basi alitandika farasi, akaenda mpaka kijitoni, akageuka. Tulimwona akirudi kwa kasi, akiyumba juu ya tandiko huku na huku, kichwa wazi. "Ini langu weee! Mwanangu, nguzo yangu weee!" Alilia kama mtu aliyeambiwa sasa hivi. Aliyemzika kwa mikono yake alikuja kuupokea msiba mlangoni mwake mwenyewe. Nilimtazama kwa jicho kali nione kama anaigiza. Sikuweza kujua. Machozi yalimjaa ndevuni, wakamshusha kwenye farasi watu wawili.

Kesho yake tulikwenda kaburini. Lilikuwa rundo la mawe tu, lakini lilipangwa vizuri, limeelekezwa kibla. Mama alipiga magoti akaanza kuondoa jiwe la kichwani lililolegea, na chini yake akatoa soksi. Kisha akatoa nyingine. Zilikuwa zote, za kila mwaka, jozi kwa jozi, zimefungwa kwa plastiki zisilowe, ndogo chini, kubwa juu. Baba mkubwa alisimama mbali na farasi wake akitazama kwingine. Mama alizihesabu kwa vidole, akazirudisha, akaweka jiwe lake.

Siku zile wazee walikaa kikao juu yangu. Si juu ya baba mkubwa. Yeye, walisema, alikosea kwa huruma, na Mungu atapima. Mimi nilimvunjia heshima mkubwa wangu nyumbani mwake, mbele ya wageni, nikila mkate wake, mpaka mjane akatamka jina lisilotamkwa. Ilinipasa nipige goti na kumletea kondoo.

"Kondoo mdogo tu," alisema mzee Asanaly, ambaye hakutaka ubaya na mtu. "Hata kilema. Mradi yaishe."

Baba mkubwa aliniuliza swali moja. "Humo kitabuni mwako, mimi ni nani? Mbwamwitu?"

"Hapana, baba mkubwa. Mbwamwitu hayumo. Wewe ndiye unayekamua."

Alitikisa kichwa polepole. "Nilimpa mwana kwa miaka minane," alisema. "Wewe umemwua kabla chai haijapoa."

Sikupeleka kondoo. Watu waliacha kunisalimu, na mama mkubwa Batma, aliyenifundisha kutembea, alinigeuzia bakuli langu juu chini mezani ili nijue halitamiminwa chai. Nilijua kwamba wakati wote ule hakuna aliyesema nilidanganya.

Mama aliamua kushuka bondeni kwa ndugu zake. Hakuna aliyemzuia, hapakuwa tena na mwana wa kungoja. Baba mkubwa alimtengea mama yaki wake, mama akawakataa. Alichukua kifurushi kimoja. Lori la mchuuzi wa sufu lilisimama njiani likinguruma, dereva akipuliza vidole vyake, na mama akapanda mbele, akaketi, akashusha kioo. Nilimwona mdogo ghafla.

"Sayra."

"Abee, mama."

"Milima hii imejaa wanyama. Farasi wapo. Tai wapo. Hata mbwamwitu, mbaya, lakini watu wanamheshimu. Wewe ukanifanya ng'ombe."

"Yaki, mama."

"Ng'ombe mwenye nywele. Mjinga, analamba ngozi mbele za watu." Alipangusa kioo kwa mkono wa koti, ingawa kilikuwa kimeshuka na hakukuwa na cha kupangusa. "Unadhani sikujua? Kuna siku nilijua. Kuna siku sikujua. Siku niliyoamka sijui, nilikuwa na mwana mpaka jioni. Zilikuwa siku zangu. Hukuniuliza."

"Nilikuambia jikoni."

"Nami nikakuambia ulete chumvi. Hilo lilikuwa jibu, na wewe ni mtu wa maneno, ulilisikia."

Dereva alikohoa. Upepo ulitoka ng'ambo, ukapita seng'enge bila kusimama, ukaja na ubaridi wa theluji mpya.

"Mimi sina hasira," alisema mama. "Kulia nimelia, kulikuwa kunanidai. Nenda kaandike vitabu vyako. Ila kwa lile la kunisomea maisha yangu mbele ya Asanaly na peremende zake, niombe radhi, niende nimetulia. Neno moja."

Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi, na mikononi mwake, kwa mara ya kwanza tangu nilipomfahamu, hapakuwa na kazi yoyote. Neno lenyewe nililijua. Ni fupi, lingetoka pamoja na pumzi.

"Siombi, mama," nilisema. "Si kwa hilo, wala kwa jingine."